Gati la Winifred Tansey

Sisemi Winifred Tansey alikuwa mbaya. Angekuwa mbaya ningepata la kumsema.

Wakati ule kona yetu ya mto Murray, Australia, ilikuwa na nyumba mbili tu: baa yangu, na duka lake mwendo wa dakika kumi chini ya mto. Sote wawili tulijua kwamba mahali meli zitakapozoea kusimama ndipo mji utakapoota. Na Kapteni Pruett, aliyeleta meli ya kwanza, alishusha unga kwake, akapakia sufu na kuni kwake. Mimi nilipungiwa mkono tu. Niliona wivu.

Februari aliporudi, nilikuwa nimerundika kuni ukingoni na kuchinja kondoo.

"Pumzika kwangu siku tatu, Kapteni. Vijana wako wamechoka."

"Maji yanapungua, Mama Croyle."

"Yanapungua kwa Winifred. Miaka sita niko hapa, nikudanganye nipate nini?"

Asubuhi ileile nilikuwa nimeona matope yameanza kuchomoza. Siku ya nne meli ilikalia mchanga mbele ya mlango wangu, ikakaa hapo miezi saba.

Nilifurahi, sifichi. Winifred alikuja kuitazama.

"Hongera, shoga. Sasa una hata pa kuanikia nguo."

Nikacheka kicheko cha meno tu. Mabaharia walikunywa kwangu kila siku, lakini Jumapili walinyoa ndevu wakaenda kwake. Pruett alinyoa kila siku.

Jua lilikausha mbao za meli zikaachana. Septemba mto ulipojaa, maji yaliingia kila ufa, meli ikazama palepale, bomba la moshi likabaki nje. Meli zilizofuata hazikuwa na pa kusimama kwangu, zikaenda kwa Winifred. Mpimaji wa serikali alishukia huko, na huko akachomeka vigingi vya barabara kuu.

Mwezi uliofuata Winifred alikuja amevaa kofia mpya.

"Jumamosi tunaoana, mimi na Pruett. Nataka ukae meza ya mbele, shoga."

"Mimi? Kwa lipi?"

"Anasema bila wewe asingekaa hapa hata wiki."

Nilimtazama usoni nione kama ananisimanga. Hakuwa ananisimanga. Alikuwa ananishukuru.