Mwalimu Anayejijibu

Mwalimu alikuwa mgeni kazini, chuo kikuu. Profesa alitoa mihadhara ya nadharia ya siasa kwenye ukumbi mkubwa. Mwalimu akaachiwa semina, wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliojazana chumba kimoja chenye feni inayolalamika. Katikati ya muhula aliwaomba wamwandikie maoni kuhusu ufundishaji wake, akaenda nayo nyumbani roho juu.

Mumewe, fundi umeme, alikuwa jikoni anakata vitunguu. "Hebu soma kwa sauti," alisema. "Kama ni kulia, mimi nimeshaanza."

Mengi yalikuwa mazuri. Anatujali. Anaeleza mpaka unaelewa. Mmoja alisema anaongea mbio kama anayekimbizwa. Kisha likaja hili: "Mwalimu anauliza swali zuri, halafu analijibu mwenyewe kabla hatujafungua mdomo."

"Huu ni uzushi!" Mwalimu alipandisha sauti. "Kwani mimi niko hivyo? Hata, siko hivyo."

Mumewe aliweka kisu chini, akacheka mpaka akashika meza. "Mke wangu, umejijibu sasa hivi."

Alinuna kidogo. Kisha kicheko kikamshinda naye.

Semina iliyofuata aliwaambia wanafunzi, "Ahsanteni, mmenipasulia ukweli. Leo nauliza, kisha nanyamaza. Kwa nini tutii sheria ambazo hatukuulizwa wakati zinatungwa?"

Akakaa. Mmoja alikohoa, mwingine akakagua kucha zake. Jibu lilimwasha Mwalimu ulimini, akalimeza.

Mwishowe msichana wa dirishani, ambaye wenzake walimtania kwa jina la Bubu, aliinua mkono. "Mimi sikuulizwa nizaliwe kwa nani," alisema taratibu, "na wazazi wangu nawatii."

"Ulipokuwa mtoto!" kijana wa nyuma alidakia. "Leo wakikuchagulia mume?"

"Hapo tutakosana."

"Basi utii una mpaka. Mpaka huo anauweka nani?"

"Si wewe, kaka!" Bubu alijibu, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Kuanzia hapo hakuna aliyesubiri zamu. Walibishana, wakapingana, wakasahihishana, hadi darasa jingine likagonga mlango. Mwalimu alisema maneno machache tu: nani aseme, nani asubiri.

Alipofika ofisini alimimina chai, akasogea dirishani. Chini uani, Bubu alikuwa bado anamchambulia yule kijana hoja, kidole kwa kidole, na kijana anakuna kichwa. Mwalimu alivuta kiti, akanywa chai yake polepole, akiwasikiliza.