Spika ya Kushoto

Jambo ambalo fundi saa hakuligundua kwa zaidi ya mwaka mzima lilikuwa shibiri moja tu kutoka mdomoni mwake. Ni vigumu kumtetea. Mtu huyu aliweza kuweka saa ya mkononi sikioni, akafumba macho, akatamka bila kuifungua kwamba gurudumu fulani ndani yake lina jino lililolika. Majirani zake wa sokoni walimwita Bwana Dakika, kwa heshima na kwa utani pia. Hata hivyo kila asubuhi alipanda nyuma ya pikipiki ya mkewe, na kila asubuhi jambo hilo lilimpita usoni kama upepo.

Mkewe alikuwa mkunga. Pikipiki ilikuwa yake, na ni yeye aliyeiendesha. Mumewe hakujifunza kamwe, akidai kwamba mtu aliyezoea kushika vitu vidogo kuliko punje ya mchele haaminiki na chombo kizima. Watoto wao walikwisha kuoa na kuolewa. Zamu za wodi ya wazazi zilikuwa zimeigawa nyumba: mmoja akirudi, mwingine anatoka, mmoja akila, mwingine amelala. Muda pekee waliobaki nao wawili ulikuwa ule wa safari ya asubuhi, kutoka mlangoni mwao hadi mwanzo wa soko, ambako mke alimshusha mume kabla ya kuelekea hospitalini.

Fundi saa aliutumia muda huo kuzungumza. Sanduku lake la zana, ambalo lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana, lilining'inia kwa mkanda bega la kulia, na ili asimyumbishe dereva aliinama kidogo upande wa kushoto. Katika mkao huo alimsimulia mkewe habari za mteja aliyeleta saa iliyoanguka ndani ya mchuzi, akamuuliza kama binti yao amepiga simu, akamwambia kwamba shati lile la bluu limepata tundu. Zamani mkewe alicheka, akajibu, akabisha. Kisha majibu yakaanza kupungua, hata yakakoma. Aliyekuwa mbele yake sasa ni mgongo na kofia ngumu nyeupe.

Nyumbani nako mambo hayakuwa bora. Tangu paa livuje na kitanda kusukumwa kwenye ukuta wa pili, mkewe, ambaye siku zote alilala kwa ubavu wa kulia, upande wa nje ili aamke kwa zamu bila kumruka mtu, alikuwa akimpa mgongo. Mume alinong'ona neno gizani, neno likamrudia mwenyewe. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na fundi saa alianza kuusubiri mshindo huo kama mtu anayesubiri matokeo ya vipimo. Hakuthubutu kuuliza ana kwa ana, kwa kuwa swali la ana kwa ana hupata jibu.

Ndipo alipopata wazo la kifaa cha mawasiliano cha pikipiki, kile cha kufungwa ndani ya kofia ili dereva na abiria wasikizane. Mdomoni alisema ni kwa ajili ya usalama barabarani. Moyoni alikuwa amepanga mtihani. Maneno yakiwa yanaangukia ndani kabisa ya sikio, upepo ukiwa hauna tena lawama, mkewe ama atajibu ama hatajibu. Asipojibu, basi kimya kile kimetoka moyoni, na yeye atajua kwamba ndoa yake imekwisha kusimama, kama saa ambayo mishale yake ipo na uso wake unang'aa lakini ndani hakuna kinachogonga.

Siku ya mapumziko ya mkunga walikwenda pamoja dukani kwa Kelele, jirani wa fundi saa hapo sokoni, aliyepewa jina hilo kwa sababu duka lake la redio na spika lilisikika kabla ya kuonekana.

"Shemeji!" alipaza sauti alipomwona mkunga. "Leo umeniletea huyu mzee wa tiki-taka? Karibuni, karibuni. Punguzo kwa wakunga lipo. Kwa mafundi saa, hapana. Hao wananidai muda wangu."

"Punguza kwanza huo muziki, shemeji," alisema mkunga, akisogea karibu na kaunta na kugeuza uso kidogo. "Hata wewe mwenyewe hujisikii."

Kelele alizima muziki, akapanga mbele yao vifaa vitatu. Cha kwanza kilikuwa kikubwa, kinapiga nyimbo, kinapokea simu, na kinaunganisha waendesha pikipiki wanne kwa pamoja.

"Wanne wa nini?" aliuliza fundi saa. "Tunasindikiza harusi?"

"Mzee, kitu kizuri hakisubiri harusi."

Cha pili kilikuwa na spika mbili ndogo, moja kwa kila sikio, na vitufe vya kupandisha au kushusha kila upande peke yake. Cha tatu kilikuwa rahisi kuliko vyote: maiki moja na spika moja tu, iliyofungwa upande wa kushoto wa kofia pamoja na kitufe chake, kwa kuwa mkono wa kulia wa dereva umekwisha ajiriwa na mafuta na breki.

"Hiki kinatutosha," alisema fundi saa haraka, akishika kile cha tatu. Kwa mtihani wake, sikio moja lilikuwa linatosha.

"Kijaribuni kwanza," alisema Kelele. "Mimi siuzi kitu mtu akarudi kunilaumu."

Akafunga spika ndani ya kofia nyeupe ya mkunga, akamvika shemejiye, akamketisha juu ya pikipiki mbele ya duka. Fundi saa alipewa kofia ya pili yenye kifaa kama hicho, akaambiwa aende mpaka nyuma ya ukuta wa kinyozi, mahali ambapo sauti ya kawaida haifiki. Akaenda. Palikuwa na pipa la maji, kamba ya taulo zilizoanikwa na paka aliyemtazama bila kumjali. Akasafisha koo.

"Haloo," alisema ndani ya maiki. "Unanisikia?"

Kimya.

"Mke wangu, ni mimi. Sema chochote."

Kimya. Alikuwa amejiandaa kwa jibu hili kwa miezi, na bado lilimkuta hana silaha. Akaegemea pipa, akafumba macho kama afanyavyo anaposikiliza saa, na lile swali alilolikimbia muda wote likamtoka lenyewe, kwa sauti ya chini.

"Mama watoto, umenichoka? Kama umenichoka, niambie. Mwaka mzima nasema na mgongo wako. Mimi nitaelewa. Sitaelewa, lakini nitajaribu."

Kitu kilikwaruza sikioni mwake. Kisha ikaja sauti, nene na yenye aibu, ambayo haikuwa ya mkewe.

"Mzee mwenzangu," alisema Kelele, "mimi binafsi sijakuchoka. Lakini nisamehe. Shemeji ameniambia kifaa ni kibovu, hasikii kitu, ndiyo nikavaa mimi nikijaribu. Kifaa ni kizima. Nimesikia mpaka pumzi zako."

Fundi saa alitamani pipa lile limmeze. Alitoka nyuma ya ukuta akiwa bado amevaa kofia, akakuta Kelele amesimama amekumbatia kofia nyeupe kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe, na mkunga akimtazama mmoja, kisha mwingine.

"Kuna nini?" aliuliza. "Mbona mmekauka?"

"Kifaa kinafanya kazi, shemeji," alisema Kelele. "Kinafanya kazi kupita kiasi."

"Mbona mimi sikusikia?"

Mkunga aliichukua kofia yake, akaingiza vidole ndani ya kitambaa, akaichomoa ile spika ndogo pamoja na waya wake. "Sema kitu," alimwambia mumewe, akaiweka kwenye sikio la kushoto.

"Kitu," alisema fundi saa ndani ya maiki, kwa unyonge.

Uso wa mkewe haukubadilika. Akaihamisha spika polepole kwenye sikio la kulia. Ndilo sikio alilolitumia kazini, lile aliloliegemeza kwenye pembe ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, ujana wake wote na utu uzima wake wote. Lile lile aliloliwekea simu.

"Tena."

"Kitu."

Safari hii alishtuka, akaisogeza spika mbali kidogo kwa jinsi ilivyopaza sauti. Akairudisha kushoto. Akaipeleka kulia. Akairudisha tena kushoto, akaikandamiza mpaka sikio likakunjika.

"Huku hakuna," alisema hatimaye. "Huku hakuna kabisa."

Fundi saa alisimama akimwangalia, na ndani ya kichwa chake mambo yakaanza kushikana meno, moja baada ya jingine: sanduku bega la kulia, kuinama kwake kushoto, kitanda kilichohamishwa, sikio la kulia lililozikwa ndani ya mto. Mwaka mzima alikuwa akibisha hodi kwenye mlango uliozibwa, akiwalaumu walio ndani.

"Ulikuwa hunisikii," alisema.

"Nikusikie ukisema nini? Wewe si uliacha kusema?" Macho ya mkunga yalikuwa yamelowa, naye alikuwa amekasirika kwa kulowa kwake. "Mpaka sokoni nimebeba gunia. Nikawa najisemea, haya, mtu wangu amekwisha. Siku hizi yuko na saa zake. Usiku nasikia unaguna tu huko ukutani, nikadhani unaota."

"Sikuwa naguna. Nilikuwa nakuuliza kama umelala."

"Basi nilikuwa sijalala."

Kelele, ambaye maishani mwake hajawahi kuonekana akitafuta ukimya, aliingia ndani ya duka lake na kuanza kupanga betri zilizokwisha pangwa.

Furaha ya fundi saa haikudumu hata kidogo kabla ya kufunikwa na hofu nyingine, kwa kuwa sikio halizimiki bila sababu. Hawakununua kitu. Walikwenda moja kwa moja hospitalini, ambako daktari wa masikio, aliyekuwa amefanya kazi jengo moja na mkunga kwa miaka, alimpima kwa taa, kwa uma wa chuma unaolia, kisha kwa mashine. Fundi saa aliketi kwenye benchi nje ya mlango na sanduku lake mapajani. Alitazama saa ya ukutani ya hospitali, akagundua kwamba inachelewa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutaka kuitengeneza.

Daktari alimwita ndani. "Kiwambo cha sikio la kushoto kina kovu la zamani," alieleza, akamgeukia mkunga. "Uliwahi kuugua sikio utotoni?"

"Lilikuwa likitoa usaha kila masika," alisema mkunga. "Mama alinifunga kitambaa."

"Ndiyo hilo. Limekuwa likififia polepole, ndiyo maana hukuona likiondoka. Sioni uvimbe wala ugonjwa unaoendelea. La kulia ni zima kabisa, lakini lilinde, usilipigie muziki. Na ukiendesha, usikubali kitu kitakachokuzuia kusikia honi. Urudi nikupime tena kabla ya mwaka kwisha."

"Na hili la kushoto?"

"Hili tutaliangalia tu. Sidhani kama litarudi lilivyokuwa."

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema mkunga, akacheka, na kicheko chake kikamfika mumewe kifuani. Alishusha pumzi ambayo alihisi ameibeba tangu paa livuje. Wakatoka nje kwenye korido yenye harufu ya sabuni, na fundi saa, bila kufikiri, akazunguka nyuma ya mkewe na kwenda kutembea upande wake wa kulia.

"Ulimwambia nini Kelele kwenye ile maiki?" aliuliza mkunga walipofika kwenye ngazi. "Mbona aliniachia kofia kama anarudisha posa?"

"Nilikuwa nakwambia wewe."

"Basi niambie mimi."

Akamwambia pale pale kwenye ngazi, mgonjwa mmoja akiwapita na fimbo yake. Mkunga alimtengenezea ukosi wa shati lile la bluu, akaingiza kidole kwenye tundu lililokuwa begani.

"Ningekuchoka, ningekuambia," alisema. "Wewe unanijua. Mimi kazi yangu ni kuwaambia watu wasukume."

Jioni walirudi kwa Kelele kabla hajafunga. Alipowaona wakija wameshikana mkono, alikiinua tena kile kifaa kikubwa chenye nyimbo, mtu wa biashara hakati tamaa.

"Hicho weka," alisema mkunga. "Nipe cha pili. Uishushe spika ya kushoto mpaka chini, uipandishe ya kulia kiasi, honi zisikike. Nyimbo sitaki."

"Na spika ya kushoto ikae bure?"

"Ikae. Sikio langu pia limekaa bure, na hujalifukuza."

Kelele alicheka mpaka akashika kaunta. Akawafungia kila kitu mwenyewe, akawatolea punguzo hata kwa upande wa fundi saa, na alipokuwa akikaza skrubu ya mwisho alisema kwa sauti ya chini, isiyo ya kawaida yake, kwamba yale aliyoyasikia leo yamekwisha toka sikio la pili.

Asubuhi iliyofuata fundi saa alipanda nyuma ya mkewe, sanduku begani kama kawaida, na walipokuwa wameshaingia barabarani akasema kwa sauti ya mtu aliye mezani, "Nimesahau miwani."

"Ipo mfukoni mwako," sauti ya mkewe ilimjibu sikioni. "Nimekuona ukiiweka."

Akapapasa. Ilikuwepo. Hakusema kitu kingine mpaka kwenye mzunguko wa barabara, na yeye mwenyewe alishangaa kwamba hakuwa na haja.

Kitanda walikirudisha kwenye ukuta wa zamani, paa likiwa limekwisha zibwa. Siku hizi fundi saa husema machache njiani, na mkewe hujibu.