Jiko la Mama Ghorofa ya Tatu

Mkaguzi wa makazi aliligusa jiko kwa mgongo wa mkono, kama alivyofundishwa, akasubiri kidogo, kisha akauondoa mkono. Jiko lilikuwa baridi. Kando yake palikuwa na vikombe vilivyooshwa ambavyo bado vilikuwa vikichuruzika maji, na nje ya dirisha dogo, kwenye kamba, lilining'inia gauni la madoadoa. Gauni hilo alilijua vizuri, kwa kuwa alilinunua yeye mwenyewe. Nyumba ilikuwa ya mama yake, au kwa usahihi zaidi, mama yake alikuwa mpangaji humo tangu mkaguzi akiwa ananyonya. Lakini vikombe na magauni havikuwamo katika utaratibu wa ukaguzi. Kilichokuwamo ni jiko.

Utaratibu huo uliwekwa kwa nia njema. Wageni wa kutalii walipoanza kumiminika mjini, baraza lilitoa sharti kwamba nyumba inayokaliwa na watu isigeuzwe kuwa ya kulala wageni. Likabaki swali la nani anakaa wapi. Majirani wakasingiziana, wenye nyumba wakaapa, wapangaji wakaapa zaidi, hata kamati ya mipango ikachoka na viapo na kukubaliana juu ya kipimo ambacho hakina mdomo: jiko lenye joto lina wenyewe, jiko baridi halina mtu. Ukaguzi ulipangwa kuanza saa nne na nusu asubuhi, kwa sababu kabla ya hapo wakaguzi walikuwa wakinywa chai. Saa hiyo wakazi wa mji walikuwa makazini, sokoni, shuleni au kwenye foleni ya zahanati, na majiko yao yalikuwa yamezimwa kwa uangalifu, jinsi watu waangalifu wanavyozima moto kabla ya kutoka. Kama kulikuwa na mtu barazani aliyeligundua hilo, basi aliamini kwamba kulisema ni kazi ya idara nyingine.

Mkaguzi hakuruhusiwa kukagua nyumba anayolala yeye. Ya mama yake haikukatazwa.

"Baridi," aliiambia kamati mchana huo. "Ila vikombe vilikuwa bado vimelowa, mheshimiwa."

Mwenyekiti, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alimtazama kwa huruma. "Dada yangu, vikombe tukiviingiza leo, kesho tutaingiza na vijiko. Tutamaliza lini?"

Kibali cha kuigeuza nyumba kuwa ya wageni kikapita.

Asubuhi iliyofuata mkaguzi alipofika ofisini kwake, ghorofa ya tatu, alikuta jiko la mama yake limekaa kati ya meza yake na kabati la ramani. Lilikuwa limekuja na rafu ya vikombe, kipande cha ukuta chenye masizi na lile dirisha dogo. Makaa yalikuwa mekundu, na mama alikuwa akichochea uji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu sogeza hiyo meza, mvuke unaiharibu."

Akaisogeza. Halikuwa jiko la kwanza kufika. Kwenye ukumbi wa mapokezi tayari kulikuwa na majiko kadhaa ya nyumba zilizokwisha kupewa kibali, na lingine lilikuwa limekaa kwenye ngazi za kwenda idara ya fedha, kiasi kwamba wahasibu walipanda kwa ubavu. Kila jiko lilifika na moto wa saa ambayo wenyewe walikuwa nyumbani, pamoja na chochote kilichokuwa juu yake. Mlinzi wa lango alikuwa amezoea. Jioni hiyo mama aliporudi kutoka zahanati, mlinzi alimwuliza kama anaingia kazini au anarudi nyumbani, kwa kuwa kila kundi lilikuwa na mlango wake. Mama alisema hajui. Mlinzi akampigia saluti na kumpitisha mlango wa katikati.

Kilichomvuruga mkaguzi kilikuwa kidogo tu, nacho kilimkaa kichwani kama inzi chumbani: hakuelewa alipokuwa. Akiketi mezani alikuwa kazini. Akigeuka kuchukua ramani alikuwa jikoni alikolelewa, na mama alimwambia asiguse sufuria kwa mikono michafu. Akichungulia dirisha dogo hakuona maegesho ya magari ya baraza, bali uchochoro wa kwao, na kwenye kamba ya mama sasa zilianikwa taulo nyeupe za wageni, zote za saizi moja. Mara mbili alimwita mwenyekiti "mama". Mwenyekiti hakuonekana kujali.

"Nataka jiko langu lirudi nyumbani," mama alisema akipakua uji. "Hapa pazuri, siwezi kusema uongo. Lakini kulala juu ya meza ya mtu mzima wa serikali, mgongo unanikataa. Si wewe ndiye mkaguzi? Waambie."

"Nitawaambia, mama. Ni la moto, kila mtu ataona."

Kamati ilikubali kusikiliza rufaa, na kwa kuwa ukumbi wa mikutano ulikuwa umejaa majiko na joto lake halikuwa la mchezo, ilihamia ghorofa ya tatu, mbele ya jiko lenyewe. Wajumbe waliketi kwenye viti, kwenye vigoda, na mmoja kwenye gunia la mkaa. Mkaguzi aligusa kwa mgongo wa mkono.

"Moto," alisema.

"Hatukukatalii, dada, lakini wewe ni mtoto wa nyumba," alisema mwenyekiti. Akainuka, akakunja mkono wa shati, akagusa yeye mwenyewe. Akauvuta mkono upesi.

"Taratibu, baba," mama alimwambia, akammiminia maji kutoka kwenye jagi. "Hilo haliangalii cheo."

Wajumbe wakacheka, na mwenyekiti pia akacheka, mkono ukiwa ndani ya bakuli. Kisha akatoa uamuzi. "Jiko ni moto, hakuna ubishi. Nimeungua nalo. Lakini sharti letu linahusu nyumba, na jiko hili haliko kwenye nyumba. Liko ofisini. Mkaguzi aende kwenye nyumba yenyewe, saa ya ukaguzi, apime pale jiko linapopaswa kuwepo."

Mkaguzi alitaka kusema neno. Alihisi kwamba hapo kati kulikuwa na uzi umekatika, lakini kila alipoushika upande mmoja, upande wa pili ulimponyoka. Hoja ya mwenyekiti ilikuwa imenyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Mama alimtazama akingoja, na yeye akajikuta anatikisa kichwa kukubali.

Kesho yake, saa nne na nusu, aligonga mlango wa kwao. Mgeni mmoja, bibi mrefu aliyekuwa ameungua jua puani, alimfungulia na kumkaribisha kwa ishara. Mahali pa jiko palikuwa na kitanda, na ukutani, pale lilipokuwa dirisha, palipigwa lipu mpya. Mkaguzi aliinama chini ya kitanda na kuigusa sakafu kwa mgongo wa mkono. Ilikuwa baridi kama sakafu yoyote.

Alipoisimulia kamati, rufaa ilifungwa kwa shukrani. Mwenyekiti alimtumia mama mfuko wa mkaa.

Yote hayo hayakumpita afisa utalii, kijana mtanashati ambaye ofisi nzima ilimwita Karibu, maana hakuwa na neno jingine la kuanzia. Aliona kwamba hakuna mji mwingine wenye wakazi wengi namna ile chini ya paa moja, tena karibu na kituo cha mabasi. Asubuhi iliyofuata akaanza kuleta wageni. Wageni walipanda ngazi kwa ubavu, wakapiga picha, wakaonja uji. Katika msafara wa kwanza alikuwemo yule bibi mwenye pua iliyoungua. Alisimama mbele ya jiko la mama, akauliza jambo kwa lugha yake.

"Anauliza kama unaishi hapa," Karibu alitafsiri.

"Mwambie ninaishi anapolala yeye," mama alijibu. "Na godoro analolalia lina springi iliyotoka upande wa ukutani, ajihadhari."

Karibu alimgeukia mgeni. Mkaguzi, ambaye lugha ile aliisoma chuoni, alimsikia akisema kwamba mama amefurahi sana kumwona. Bibi yule akaweka mkono kifuani, akainama kwa heshima. Mama naye akainama, kwa kuwa hakuwa mtu wa kumwacha mgeni ainame peke yake.

Mkaguzi akaenda chini kwenye kikao cha idara. Kichwa kilikuwa kizito. Akatamani kikao kiishe, kazi iishe, arudi kwenye chumba chake cha kupanga, avue viatu na kula maharage aliyoyapika jana usiku, mahali ambapo hakuna ubishi kwamba ni nyumbani.

Aliporudi ghorofa ya tatu, mkaguzi mwenzake alikuwa amesimama mlangoni. Huyu waliyezoea kumwita Pole, kwa sababu hakupita mahali bila kulisema neno hilo, ndiye aliyekagua mtaa ambamo mkaguzi alipanga chumba.

"Pole, dada," alisema. "Nilipita jana. Saa ileile ulipokuwa kwa mama."

Pembeni ya jiko la mama palikuwa na jiko jingine, dogo, lenye mguu mmoja uliofungwa waya. Waya huo aliufunga mkaguzi mwenyewe. Juu yake sufuria yake ilikuwa ikitokota.

"Limeingia sasa hivi," mama alisema bila kugeuka. "Nimekupunguzia makaa. Maharage yalikuwa yameanza kushika chini."

Mkaguzi alisogea, akaligusa kwa mgongo wa mkono. Likamuunguza. Akautazama ule wekundu ukipanda juu ya ngozi, akamtazama Pole, akamtazama mama, ambaye alikuwa tayari amesogeza vikombe vyake kumpisha nafasi kwenye rafu.

"Asante, mama," alisema.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu. Akachukua mkoba wake, akateremka ngazi kwa ubavu, akaenda kukagua.