Tumbo la Mama Mkwe

Tumbo lilimshika Mwewe saa nne na robo asubuhi, akiwa mita sitini juu ya ardhi, na kipande cha ukuta wa zege cha tani tatu kikining'inia kwenye ndoano.

Jina la Mwewe alipewa na mafundi wa chini, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukaa angani kutwa nzima ndani ya kibanda cha vioo kisichozidi upana wa kabati la nguo, akiendesha winchi ya jengo la ghorofa kumi na tano. Kushuka ngazi kulichukua dakika kumi na mbili kwa mtu mwenye afya zake. Miezi saba sasa, tumbo lilikuwa halimpi hata mbili.

"Mwewe, teremsha taratibu," mpiga ishara alisema kwenye redio. "Kushoto kidogo. Kidogo tena."

Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kope. Chini ya ule mzigo walisimama watu sita wakisubiri kuupokea, na mtu haachi mzigo hewani akakimbilia choo. Akabana meno, akabana kila kinachobanika, akauteremsha ukuta shubiri kwa shubiri mpaka aliposikia, "Umekaa! Safi kabisa!"

Hapo hapo mwili ukamshinda.

Aliendelea na kazi vile vile, amekalia aibu yake, mpaka jioni. Wenzake walipoanza kuondoka aliwaambia anabaki kukagua breki. Kofia ya mwisho ya njano ilipotoka getini ndipo akashuka, koti amelifunga kiunoni. Nguo zilikuwa na damu. Damu alikwisha kuizoea. Kulia kwenye ngazi ndiko kulikuwa kugeni.

Nyumbani kulikuwa na vyumba viwili na choo kimoja. Mlango wa choo ulitazamana na kiti cha mama mkwe, aliyekuja kumhudumia binti yake baada ya kujifungua kwa upasuaji na bado hajaondoka, mtoto akiwa tayari anakaa mwenyewe. Kila Mwewe alipopita, yule mama aliinua macho kutoka kwenye ushonaji wake. Mwewe akiingia, alifungua bomba ili maji yafiche sauti, akakaa humo akiutazama ukuta.

"Ya tisa leo," alimsikia siku moja akimwambia binti yake. "Mwanangu, huyu mumeo anakunywa nini huko kazini?"

Alitamani kutoka amweleze. Lakini utaanzia wapi kumweleza mama mkwe mambo ya utumbo? Akabaki amefungwa kati ya vijumba viwili: kibanda kisicho na choo, na choo kisicho na amani.

Aliyemburuta hospitali ni mkewe, baada ya kuziona zile nguo. Walipitisha kamera ndani ya utumbo, wakakuta vidonda tupu. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya upole asiyependa kuzunguka, alimchorea bomba lililopinda nyuma ya fomu.

"Humu wanaishi bakteria wengi mno. Wengi wao si maadui. Wanasaidia kusaga chakula, na wanaifundisha kinga ya mwili kumtofautisha mwenyeji na mvamizi. Kwako wamepungua, na kinga imechanganyikiwa. Inaushambulia utumbo wako mwenyewe."

"Yaani askari wangu ndio wananipiga?"

"Ndiyo. Ila kipi kilitangulia, kupungua kwa bakteria au hayo mapigo, bado hatujui. Sitakudanganya."

Akapewa vidonge vya kuituliza kinga. Uso ukamvimba kama mpira, damu ikapungua. Dozi iliposhushwa, damu ikarudi. Msimamizi wa ujenzi, aliyeambiwa kwamba ni mgongo, akampa likizo ya ugonjwa, na sasa Mwewe akawa mtu wa kushinda ndani, yeye na mama mkwe na ule mlango.

Mwezi wa tatu wa matibabu daktari aliwaita, yeye na mkewe. "Tuna utafiti," alisema. "Tunachukua kinyesi cha mtu mwenye afya, tunakipima magonjwa yote, tunakichuja, halafu tunakiingiza kwenye utumbo wa mgonjwa, ili wale bakteria wapate makazi. Wapo waliopata nafuu. Wapo ambao hawakupata."

Mwewe akacheka. Daktari hakucheka.

Ikabidi atafutwe wa kutoa. Mke alikataliwa, tangu upasuaji alikuwa ametumia dawa kali za kuua bakteria. Kaka yake Mwewe alikataliwa kwa kisukari.

"Nyumbani kuna mtu mzima mwingine?" daktari aliuliza.

Mke akaangalia dari.

"Hapana," Mwewe akasema. "Bora nife."

"Hufi," mkewe akamjibu. "Utabaki chooni tu. Na usinitume mimi, tumbo ni lako."

Siku tatu zilipita anazunguka maneno. Ya nne akakaa mbele ya kile kiti, macho kwenye mkeka.

"Mama, nina shida."

"Naijua. Kila siku naihesabu."

"Siyo pombe, mama. Ni ugonjwa. Natoka damu."

Sindano ikasimama. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mjukuu wako kuzaliwa."

Yule mama akaweka kitambaa chini, akaufunika mdomo kwa mkono. "Na mimi nimekaa hapa nakuhesabia," alisema baadaye. "Si ungesema, baba?"

"Ningesemaje?"

Alimweleza yote, kuanzia askari wanaompiga mpaka kamera. Alipofika kwenye ombi lenyewe akaanza kuchokonoa mkeka kwa kidole.

"Sasa hao madaktari wanataka nini kwangu? Damu? Nitatoa."

"Siyo damu. Wanataka... choo, mama. Kile kikubwa."

Mama mkwe akaangua kicheko kilichomwamsha mtoto chumbani. Alicheka akajifuta machozi, akaanza upya. "Nimeombwa radhi, nimeombwa michango, nimeombwa hata binti," alisema akihema. "Hilo hajaniomba mtu tangu nizaliwe!" Kisha uso ukatulia. "Nitatoa. Ila dada yangu asisikie."

Vipimo vyake vilitoka safi kabisa, na kwa wiki nzima hakukuwa na mazungumzo mengine. Aliacha soda, akapunguza sukari, akawa anakagua mboga kama mkaguzi wa serikali. "Tumbo hili sasa lina wapangaji wa watu wawili," alimwambia binti yake.

Utafiti ulikuwa wa wiki nane, kila wiki mama mkwe akitoa na Mwewe akiingiziwa. Wiki za mwanzo zilimtesa Mwewe: tumbo kujaa, homa, na damu ile ile. Akajiona mjinga aliyejivua nguo mbele ya mkwe bure. Wiki ya tano, asubuhi moja, alimaliza kikombe cha chai ingali ya moto bila kuinuka hata mara moja. Akakitazama kile kikombe, akajimiminia kingine. Kufikia wiki ya saba damu ilikuwa imekoma. Kamera ilionyesha vidonda vinafunga, vingine bado.

"Inaweza kurudi," daktari alimwonya.

Wiki ya nane ilipokwisha, alimsikia mama mkwe kwenye simu, kwa sauti ya chini, akiongea na dada yake. "Siwezi kuja. Nyumba yangu najua inavuja, lakini nifanyeje? Nimefungwa hapa. Usiniulize kwa nini, ila nikiondoka, mtoto wa watu ataanza tena kutoka damu."

Mwewe akasimama na taulo mkononi. Aliijua sauti ile. Ilikuwa ya mtu anayefungua bomba ili asisikike.

Alikwenda kwa daktari peke yake, akauliza kama ni lazima mkwe aendelee kubaki.

"Utafiti umekwisha," daktari alisema. "Hao bakteria wakikubali kukaa, watakaa. Wasipokubali, tutarudi kwenye vidonge. Hatuwezi kumfunga mtu kwenye kiti kwa ajili ya hilo."

Jioni ile akamwambia, "Mama, nenda nyumbani kwako."

"Na likirudi?"

"Likirudi litanikuta mimi. Wewe umeshatoa."

Mama mkwe akaanza kukunja nguo zake. Aliondoka Jumamosi. Kituoni alimshika mkono Mwewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Kula vizuri, baba. Usiniulie wapangaji wangu."

Mwewe alirudi kazini akamwambia msimamizi ukweli wote, hata ile siku ya ukuta. Msimamizi alikuna shingo, akasema juu hatampandisha tena mpaka daktari aandike. Akampa redio na kofia, awe mpiga ishara, hatua hamsini kutoka chooni. Miezi minne baadaye damu ilirudi, kidogo. Alirudishiwa vidonge, ikatulia. Siku zingine tumbo linanguruma tu, lakini baridi inamwingia mwili mzima, na anahesabu hatua kwa macho. Kisha anainua redio na kumwambia aliye juu ateremshe taratibu.