Afande Apiga Marufuku Umbea

Baada ya kustaafu jeshi, Afande alikaa nyumbani mpaka mkewe akachoka kukaguliwa masufuria.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "humu ndani hakuna kuruta. Hebu nenda katafute watu wengine wa kuwafokea."

Ndivyo alivyojikuta msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, kwa majaribio. Na siku ya majaribio kwisha ndiyo hii.

Chumba chenyewe sasa, jamani! Mashine za kufulia zinanguruma ukutani, mvuke umetanda hadi kwenye taa, na katikati limelala rola, lile pasi kubwa la kuzunguka, refu kama basi. Mbele yake wanawake wawili wanalilisha mashuka mabichi. Nyuma wawili wanayapokea yamenyooka, ya moto, wanayakunja. Na wanapiga soga, asubuhi mpaka jioni, midomo haishiki breki. Kinara wao alikuwa mama mmoja mnene wa upande wa mbele waliyembatiza Redio, ambaye angekusimulia ndoa ya jirani yake tangu posa hadi talaka bila kumeza mate.

Afande alitoka kwenye maisha ya mmoja kusema na mia kutii. Soga zile zilimkwama kooni kama mfupa. Na leo meneja anakuja kukagua: akiridhika, kazi ni yake, asiporidhika, ni kurudi kuhesabu vifuniko vya sufuria.

"Sikilizeni!" akanguruma. "Leo umbea marufuku. Nataka kusikia mashine tu."

"Hata la mchumba wa nesi, Afande?" Redio akauliza. "Mbona nimeliacha pabaya?"

"Hata hilo."

"Haya, baba. Ila utalia wewe, siyo sisi."

Wakanyamaza. Kwa kitambo chumba kilipendeza kama gwaride, na Afande akatembea mikono nyuma, kifua mbele. Mara harufu ya kitambaa kinachoungua ikampiga puani. Shuka moja lilikuwa limejiviringisha ndani ya rola, jingine likajibandika juu yake, na jingine. Wanawake wa nyuma wamesimama mikono mitupu, wakidhani wenzao wa mbele wanapumua kidogo. Moshi ulipotoka ndipo Redio akapiga yowe, swichi ikazimwa.

Na mlangoni nani? Meneja, simu sikioni.

"Chumba cha upasuaji wameishiwa mashuka, mgonjwa anasubiri," akasema. "Napanda kuwatuliza. Nikirudi nikute toroli limejaa, Afande. Nisipolikuta, tuagane kwa amani."

Redio alikuwa ameshaanza kuyachuna mashuka yaliyoungua kwenye chuma cha moto. Afande akamwendea, jasho likimtiririka.

"Kengele ya hatari iko wapi? Wa nyuma wanajuaje shuka limekwama?"

"Kengele ni huu mdomo wangu, Afande." Akacheka huku akipuliza vidole. "Wale hawatuoni, dude limewaziba. Ila wananisikia. Nikisukuma shuka ninaivuta sentensi. Nikiikata, shuka lote limeingia. Wakisikia nimekata na shuka halitoki, wanapiga kelele, tunazima. Wewe umetufunga midomo, umewafunga wenzetu macho!"

Afande akachungulia nyuma ya rola: kweli, hawaonekani. Maisha yake yote ameishi na filimbi, bendera na simu za upepo, na hajawahi kuona kikosi kinachoongozwa na mchumba wa nesi. Alimtazama Redio kama mtu anayeuona mlima kwa mara ya kwanza, mlima uliokuwa dirishani kwake siku zote.

"Basi endelea kusema, mama. Nakuomba."

"Na vidole hivi? Naenda kuvitia majini. Simama wewe hapa."

Akasimama. Rola likazunguka. Akashika ncha ya shuka pamoja na mwanamke wa pembeni, akapaza sauti: "Tayari! Sukuma!"

"Wee!" wakapiga kelele wa nyuma. "Amri ni fupi, shuka ni refu! Tupe habari!"

"Habari gani?"

"Yoyote! Ulimpataje mkeo?"

Afande akalikaza shuka mikononi. Hilo hata askari wake hawakuwahi kulijua.

"Siku ya kwenda kuposa," akaanza, akilivuta neno kadiri shuka lilivyoingia, "nilivaa viatu vya kuazima, kimoja kikubwa... kuliko... mwenzake." Akakata. Nyuma shuka likatoka limenyooka, limepokewa, limekunjwa. Hakuna aliyemtazama, hakuna aliyeamriwa. Akashika jingine. "Mama mkwe akanitazama miguuni, nikajua nimekwisha..."

"Ehee!"

Kicheko kikapita juu ya mashine, na shuka jingine, na jingine. Toroli likajaa huku akiwa bado hajaketishwa ukweni.

Meneja akarudi. "Afande!"

Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuitwa na mkubwa asigeuke, hakugeuka. Shuka lilikuwa nusu ndani. Aliinua kidole kimoja kumwambia asubiri, akaendelea kuivuta sentensi yake.

Meneja akatazama toroli, akalishika mwenyewe, akalisukuma hadi mlangoni. Pale akasimama.

"Kesho uje na sare ya hapa," akasema. Kisha, badala ya kwenda zake, akaegemea toroli. "Halafu mama mkwe akasemaje?"