Kengele ya Mkanyaga Mivukuto

Walburga Stenzel alikuwa ameshatoboa tundu la kamba ya kengele ndipo alipokumbuka kwamba kinanda hiki hakina mivukuto. Kilikuwa sinthesaiza, kabati la mbao ya mwaloni lililojaa vitufe vya kuzungusha na nyaya za rangi za kuchomeka huku na huku, na chakula chake kilikuwa umeme tu. Lakini marehemu baba yake, aliyekuwa fundi na mpigaji wa kinanda cha kanisa, hakuwahi kukabidhi kinanda bila kengele ya kumwita mtu wa kukanyaga mivukuto, ile mifuko ya kusukuma hewa kwenye mabomba, na mkono wa binti ulikuwa umezoea. Aliona aibu kuacha tundu wazi. Akapitisha kamba na kuifunga kwenye kengele ya zamani, iliyokuwa bado inaning'inia darini.

Kanisa la Oberlautern lilichagua umeme kwa sababu mabomba ya kinanda cha kale yalikuwa yamechakaa, na mwaka huo wa sabini na nne hakuna aliyetaka kusikia habari za mabomba. Fundi wa mwisho wa Walburga alikuwa amehamia kiwanda cha televisheni. Karakana ya baba yake ilibaki na yeye na harufu ya gundi. Jioni alikula amesimama jikoni, maana kuandaa meza ya mtu mmoja kulimtia uchungu.

Sinthesaiza ilikataa kulia. Taa ziliwaka, sauti hakuna. Alibadilisha nyaya mpaka vidole vikachubuka, na Mchungaji Lohse akawa anapita kila siku kuuliza kama watu wataimba Krismasi kwa midomo mitupu. Alasiri moja, akiwa amechoka kabisa, Walburga alivuta kamba kama baba yake alivyozoea kabla ya kuketi. Kengele ikalia mlio mmoja. Huko juu ubao ukalalamika, kisha mwingine, hatua kwa hatua. Kabati likavuta pumzi. Alipobonyeza vibao vya kinanda, sauti ikatoka pana na yenye joto, ikajaza kanisa hadi mlangoni.

Akapanda ngazi kwenda kutazama. Zenon Wilczak, mkanyaga mivukuto wa utoto wake, alikuwa anakanyaga pale palipokuwa na mivukuto, ambayo ilikwisha kuuzwa tangu masika. Alikanyaga hewa, na hewa ilimkubalia. Kotini bado ilikuwa imeshonwa ile herufi P waliyovalishwa Wapolandi walioletwa kufanyishwa kazi kwa lazima wakati wa vita, na mabegani alikuwa na theluji isiyoyeyuka.

"Umenenepa, Walburga," alisema.

"Wewe hujabadilika."

"Ningebadilikia wapi humu?"

Kijijini kila mtu alizijua habari zake na hakuna aliyezisimulia. Kengele moja ilimaanisha anza, kengele mbili zilimaanisha shuka, nenda zako. Krismasi ya mwisho ya vita, baba yake Walburga alivuta moja, akapiga kinanda, ndege za mabomu zikaja, na waumini wote wakakimbilia ghala la chini la kiwanda cha bia. Hakuna aliyevuta mbili. Zenon aliwahi kushuka bila kuitwa, akapigwa uwanjani mbele ya watu, kwa hiyo safari hii alingoja. Walipomkumbuka alikuwa amekufa kwa baridi, ameganda, mikono imeshika upau wa mivukuto. Jina lake halikuandikwa kwenye jiwe la marehemu wa vita.

Walburga alilifikishia baraza la kanisa suala hilo. Kunkel, mtunza kanisa, aliuliza kama mtu huyo atahitaji jiko la makaa. Mchungaji aliuliza kama ataweza nyimbo zote za Krismasi.

"Na jina lake?" Walburga alisema. "Aandikwe kwenye jiwe."

"Jiwe limejaa, Bi Walburga. Tena hakuwa mtu wa hapa."

"Lakini ndiye anayetupa sauti."

"Ndiyo, na tunamshukuru sana," Mchungaji alijibu, wakaendelea na suala la mishumaa.

Tangu hapo kila jioni alipandisha supu ya dengu na mkate mweusi, akatandika kitambaa juu ya sanduku, bakuli mbili. Zenon hakula. Aliweka mikono juu ya mvuke, akasikiliza habari za karakana, akamtania kwamba anavuta pua kama baba yake. Walburga alikula ameketi. Alikuwa amesahau kwamba supu ina ladha.

Wiki ya kuamkia Krismasi, Zenon alimwambia bila kuinua sauti, "Baba yako alizisahau kengele mbili. Wewe hujazisahau."

"Ngoja Krismasi ipite," alisema Walburga.

Krismasi ikapita. Akasema Pasaka, nayo ikapita, na watu wakazidi kuja hata kutoka vijiji vya jirani, wakisifu jinsi umeme wa siku hizi unavyopumua. Walburga alijua vizuri kwamba akivuta mara mbili, kabati litanyamaza, na hilo lilimsumbua kidogo tu. Kilichomtia hofu ni jikoni kwake.

Jumapili moja, waumini walipokwisha kutoka na Kunkel kuzima mishumaa, alishika kamba. Huko juu hatua zilikoma. Zenon alikuwa anangoja, na Walburga alikusikia kungoja kwake. Kamba ilikuwa nyepesi mkononi.

Akaiachia bila kuivuta, akaenda kupasha supu.