Pendekezo Namba Sifuri

Mimi ndiye niliyeandika utaratibu wa mapendekezo katika programu yetu, na sioni haya kusema kwamba ni mzuri. Miaka thelathini na moja nilitunza masijala. Kompyuta nilijifunza baada ya kustaafu, katika masomo ya jioni, nikiwa mwanafunzi pekee aliyevaa tai.

Programu yenyewe huchapa vibandiko vya chupa za dawa. Ni programu huria: yeyote anaweza kuifungua, akaona ilivyoundwa, akaibadilisha. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mpima ardhi, mmoja wa sisi wanachama tunaoiunda kwa kujitolea, aliongeza ramani ya zahanati kwenye kila kibandiko, na jina la dawa likakosa pa kukaa. Fundi, binti anayetunza programu, akashika kichwa.

"Mzee, tufanyeje? Humu kila mtu anajipikia chake."

"Tuweke utaratibu," nikamjibu. "Asiguse mtu kitu kabla hajaandika pendekezo, likajadiliwa, likapitishwa."

Nilikuwa na langu moyoni. Mdogo wangu wa kike hutoa dawa zahanati, dirisha la pili. Macho yake yamechoka, miwani haisaidii, na herufi za vibandiko ni ndogo kama mayai ya chawa. Alikwisha kosea mara mbili. Msimamizi akamwambia wazi: mwezi ukiisha kabla hajaweza kuvisoma sawasawa, atahamishiwa stoo ya mifagio. "Kaka, zikuzeni tu hizo herufi," aliniomba. Fundi alisema ni kazi ya dakika mbili. Lakini utaratibu ulikuwa umekwisha tangazwa, na mimi si mtu wa kupita mlango wa nyuma.

Nikaandika kurasa kumi na tisa. Kifungu cha nne kilisema kila pendekezo litaje lile lililolitangulia, kama majalada ya masijala yanavyotajana. Zote zikapita kwa makofi. Katika kikao cha Jumamosi iliyofuata nikaleta pendekezo la kukuza herufi.

"Linatanguliwa na lipi?" akauliza mpima ardhi.

Hakukuwa na lolote.

"Basi kwa kanuni zako hujaleta kitu, bwana. Kaa chini."

Nikaumiza kichwa siku mbili. Jumatatu nikafungua jalada jipya, nikatia ndani karatasi moja nyeupe, na juu ya jalada nikaandika: Pendekezo Namba Sifuri. Halikupendekeza chochote, kwa hiyo halikuhitaji kutanguliwa; likishapita, la herufi litalitaja hilo.

Mjadala wake ulichukua Jumamosi tatu. Mpima ardhi alitaka pambizo zipunguzwe. Fundi aliuliza lisomwe upande gani kwanza. Mwanachama mmoja wa mbali alituma maoni kwamba anakubaliana na nia ya pendekezo, ila lugha yake ni kali mno.

"Lugha ipi?" Fundi akaninong'oneza.

"Nyamaza, binti. Tunakwenda vizuri."

Zikabaki siku mbili mwezi uishe. Hapo mpima ardhi akaibua kifungu cha tisa, nilichokiandika kwa mkono wangu: pendekezo halipiti kabla mtumiaji wa programu hajalisoma mbele ya kikao. Nikampigia simu mdogo wangu. Akaja na koti lake la kazi, akihema kwa ngazi.

Mpima ardhi akampa ile karatasi. "Tusomee, dada. Kwa sauti."

Akaisogeza mbali. Akaileta hadi puani. Akaenda nayo dirishani, akaigeuza, akavua miwani, akaivaa tena. Jasho lilimtoka. Mimi nilijua kilichomo, lakini kanuni zinamkataza mleta pendekezo kumsaidia msomaji. Nikatazama viatu vyangu.

"Siwezi," akasema mwishowe, sauti ikimkatika. "Sioni hata herufi moja. Waacheni tu wanihamishe, nimechoka."

Mpima ardhi akaichukua karatasi, akaikazia macho kwa muda mrefu.

"Kusema kweli," akasema, "hata mimi sioni."

Ikapita mkono kwa mkono. Hakuna aliyeona.

"Haya ni mateso!" Mpima ardhi akanigeukia, amewaka. "Mzee mzima, unaandikaje kitu kisichosomeka? Mama wa watu analia! Fundi, kuza herufi za programu hii sasa hivi!"

"Bila pendekezo?" nikauliza. Ulimi wangu nao haujui kutulia.

"Kaka, hebu funga mdomo!" mdogo wangu akanikatiza.

Fundi alikuwa amekwisha kaa kwenye kompyuta. Ukubwa wa herufi ukatoka nane ukawa ishirini na nne.

Jumatatu mdogo wangu alisoma vibandiko tangu asubuhi hadi saa ya kufunga, msimamizi kasimama nyuma yake, na hakukosea hata kimoja. Alinung'unika mgonjwa mmoja tu: dawa yake ya minyoo ilisomeka mpaka ng'ambo ya barabara, akatoka ameificha chini ya shati. Msimamizi akamletea mdogo wangu glasi ya maji, akamwambia kesho awahi, maana dirisha la pili ndilo lenye foleni ndefu.